Ule ngano kiasi gani kabla ya kupimwa seliaki

Kipimo cha seliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano na shayiri) huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, huharibikia jikoni, wiki nyingi kabla ya sindano. Mtu anaambiwa aache ngano, anaacha, tumbo linatulia, ndipo anakwenda kupima na majibu yanatoka safi. Kipimo cha damu, tTG-IgA, hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mwenye seliaki huzitengeneza anapokula gluteni. Akiiacha, zinapungua na utumbo mwembamba unaanza kupona.

Hatua ya 1: ulishaacha au bado? Kama bado unakula ngano, usibadilishe chochote, nenda kapime. Kama ulishaacha, ongea na daktari kwanza. Kawaida hutakiwa wiki 6 za kula gluteni kila siku, kwenye milo zaidi ya mmoja. Anayevimba midomo au kubanwa kifua dakika chache baada ya kula ngano asijaribu kabisa: hiyo ni aleji, na ni hatari.

Hatua ya 2: piga hesabu. Lengo la mtu mzima ni gramu 3 hadi 10 za gluteni kwa siku. La mtoto apange daktari. Soma protini kwenye pakiti ya unga, mara nyingi gramu 10 hivi kwa kila 100. Karibu asilimia 80 yake ni gluteni, yaani gramu 8. Kilo moja ikikutolea chapati 14, kila moja imebeba unga gramu 71, gluteni karibu 6. Slesi ya mkate ina kama 2, na andazi la unga wa gramu 30 lina 2 na ushee. Kwa hiyo slesi mbili na chai asubuhi, chapati moja jioni, umefika 10.

Hatua ya 3: usidanganywe na umbo. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele. Bajia ni dengu au kunde. Ugali wa mahindi, muhogo, uji wa ulezi: sifuri. Atta, ingawa wengi huiona unga wa "kiafya", ni ngano tupu, hivyo inahesabika. Sambusa ina manda nyembamba, usiitegemee. Kijiko cha unga kwenye mchuzi usikihesabu hata kidogo. Na kuna wanaoita oti "shayiri": shayiri yenyewe ina gluteni, oti haitakufikisha popote.

Hatua ya 4: tumbo likigoma. Anza na nusu slesi, panda taratibu kwa siku chache. Andika kwenye simu tarehe na ulichokula. Ukitapika au kuharisha sana, mpigie daktari. Anaweza kufupisha muda, na bila maandishi yako hatajua ayasomeje majibu. Asiyeweza kabisa aulize kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8, ambacho hakitegemei chakula. Zote zikikosekana, seliaki ni vigumu sana kuwepo.

Hatua ya 5: siku ya damu na baada yake. Omba IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha kingamwili za aina hiyo mwilini, ipimwe pamoja, kwa sababu mwenye upungufu wake atapata tTG-IgA safi hata akiwa mgonjwa. Damu ikionyesha seliaki, wengi hufurahi wakaacha ngano siku hiyohiyo. Subiri. Bado kuna endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ambapo huchukuliwa vipande vidogo vya utumbo, angalau vinne. Chapati ya mwisho iliwe usiku wa kuamkia siku hiyo, kabla ya saa uliyoambiwa uanze kufunga.