Somo: Jinsi ya kuitambua spineli kabla hujaiuza kwa bei ya ganeti

Wakuu, habari za kazi. Somo hili nimewaandalia wachimbaji wadogo na madalali wa Mahenge, Matombo na Tunduru, pamoja na yeyote anayeshika jiwe jekundu au la pinki asijue ni nini. Mwaka 2007 pale Ipanko, karibu na Mahenge, yalitoka mapande makubwa ya spineli, kito cha thamani, moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Toka hapo wanunuzi wa vito duniani wanaitafuta rangi ya Mahenge kwa jina. Inauma basi kuona mtu aliyelitoa jiwe ardhini analiachia kama ganeti, jiwe jekundu la bei ya chini, wakati vipimo vya kuyatenganisha mawe haya havihitaji maabara, isipokuwa kimoja tu.

Kwanza ujue unachokitafuta. Spineli ni magnesi, alumini na oksijeni. Ikiwa safi kabisa haina rangi. Kromi ndiyo huipa wekundu na pinki. Chuma huleta buluu yenye ukijivu, zambarau, hata weusi. Na kobalti, hata ikiwa chembe tu, hutoa buluu kali ambayo ni adimu sana. Rubi ni alumini na oksijeni, wekundu wake unatoka kwenye kromi ileile, na mara nyingi yote mawili hukaa ndani ya marumaru. Kwa hiyo kuchanganya hakukuanza kwetu. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, ambalo mpaka leo linaitwa Black Prince's Ruby, ni spineli.

Hatua ya 1: Umbo. Jiwe ambalo halijakatwa liangalie pembe zake. Spineli hukua kama piramidi mbili zilizounganishwa kitako kwa kitako, nyuso nane, kila uso pembetatu. Wakati mwingine mbili huota zikiwa pacha na kutoa pembetatu bapa. Rubi ina pande sita, bapa au kama pipa. Ganeti ni ya mviringo, yenye nyuso 12 au 24. Mawe ya mtoni ya Tunduru mengi yameshasagwa na maji, umbo limepotea, hivyo ruka hatua hii.

Hatua ya 2: Tochi ya kukagua noti. Ingia gizani, mulika. Spineli nyekundu au ya pinki ya Mahenge huwaka wekundu kama kaa la moto. Ganeti nyekundu haiwaki. Ila angalieni: rubi nayo huwaka. Kipimo hiki kinaiondoa ganeti tu, hakikupi ruhusa ya kutangaza spineli. Na spineli za buluu zenye chuma kwa kawaida haziwaki, msizitupe kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Lenzi ya polaroidi. Chukua lenzi ya miwani ya jua ya polaroidi, weka jiwe juu ya mwanga mweupe, tazama kupitia lenzi huku ukiizungusha polepole. Rubi hubadilika, mara nyekundu ya kuelekea zambarau, mara nyekundu ya kuelekea chungwa. Spineli haibadiliki, kwa kuwa mwanga ndani yake haugawanyiki mara mbili. Geuza jiwe urudie kwa pande tatu, maana rubi ina upande mmoja ambao ukiitazama humo nayo hukaa kimya. Ganeti na kioo havibadiliki pia, ndiyo maana hatua hii haitoshi peke yake.

Hatua ya 4: Uzito na maji. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya mkononi. Tafuta mizani ndogo inayosoma gramu 0.01. Pima jiwe kavu, andika. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lining'inize mpaka lizame lote bila kugusa chini wala kingo. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano: jiwe la gramu 5.40, majini mizani inasoma 1.50. Jibu ni 3.60, nayo ndiyo spineli. Rubi ya uzito huohuo ingesoma 1.35, jibu 4.00. Ganeti ya rodolaiti hutoa kama 3.84. Tone la sabuni kwenye maji husaidia kuondoa mapovu yanayong'ang'ania jiwe na kukudanganya. Jiwe likiwa chini ya gramu moja, mizani hiyo haitoshi. Tafuta inayosoma 0.001.

Hatua ya 5: Refraktomita, yaani kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Hapa unahitaji mwenye kifaa, au uende Kituo cha Jemolojia Arusha. Spineli huonyesha mstari mmoja kwenye 1.718 hivi. Rubi huonyesha miwili, 1.762 na 1.770. Jiwe lenye thamani usiliuze bila hatua hii.

Msikwaruze, msigonge nyundo, msichome moto. Ugumu wa spineli ni 8, lakini ugumu hauzuii jiwe kupasuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimeletewa spineli ya buluu kali, imeshakatwa, safi haina hata doa. Nichukue?

Jibu: Usitoe hela bado. Spineli za kutengenezwa kwa kuyeyusha unga kwenye moto zipo tele na ni za bei rahisi, na buluu ya kobalti ndiyo rangi wanayoipenda. Angalia kwa lenzi ya kukuza mara kumi: mapovu ya mviringo ni dalili mbaya. Ya asili mara nyingi ina vijifuwele vidogo vyenye umbo lilelile la nyuso nane, vimejipanga mistari. Refraktomita ikisoma karibu na 1.728, ni ya kiwandani.

Swali: Huku kwetu kuna mawe meusi yananasa sumaku. Kuna mtu ameniambia ni ukoo wa spineli, kweli?

Jibu: Kweli kabisa, hiyo huenda ni magnetiti. Mpangilio wake wa ndani ni wa spineli, kama ilivyo kromiti. Lakini ni mawe ya chuma, siyo vito.

Swali: Spineli inapashwa moto kama rubi?

Jibu: Nyingi haziguswi, na hilo linaipa heshima sokoni. Usijaribu mwenyewe.

Swali: Jiwe langu bado limeshikwa na marumaru. Nitumie nyundo ndogo?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Marumaru huyeyuka kwenye tindikali ya hidrokloriki iliyopunguzwa makali, spineli haidhuriki. Fanya nje penye upepo, vaa glavu na miwani, mimina tindikali kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye tindikali. Ukimaliza suuza sana. Kama huna uzoefu na tindikali, liuze likiwa na marumaru yake; mnunuzi anayejua kazi hulipenda hivyo hivyo.