SOMO: Kiti cha Naibu Rais kikibaki wazi kinajazwaje

Naandika hii mara moja ili niwe natuma linki tu, maana tangu Naibu Rais Gachagua abanduliwe Oktoba 2024 swali ni lile lile na majibu yanayozunguka kwa magrupu ya WhatsApp mengi si ya kweli. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 149, ni kifupi sana.

1. Kiti kiwe wazi kwanza: kifo, kujiuzulu au kubanduliwa. Akijiuzulu anamwandikia Rais, na asipotaja tarehe barua inaanza kazi saa sita mchana siku inayofuata.

2. Rais anateua mtu ndani ya siku 14.

3. Bunge la Kitaifa linapiga kura ndani ya siku 60. Hapa ndipo watu wanapotea, soma pole pole. Ni Bunge la Kitaifa PEKE YAKE, Seneti haina kura hapa. Watu wanachanganya kwa sababu kumbandua Naibu Rais kunapitia mabunge yote mawili, theluthi mbili ya wabunge (233 kati ya 349) halafu theluthi mbili ya maseneta (45 kati ya 67), basi mtu anadhani na kumleta mwingine ni vivyo hivyo. Hapana. Halafu hizo 60 hazianzi siku kiti kilipobaki wazi, zinaanza Bunge likishapokea jina, kwa hivyo usitoe 14 kwa 60, ni hesabu mbili tofauti. Siku ya tukio lenyewe usiihesabu, lakini Jumapili na sikukuu unazihesabu, kuziruka ni kwa muda wa siku sita kushuka chini (Kifungu cha 259). ONYO: 14 na 60 ni ukomo, si lazima zifike. Seneti ilimbandua Gachagua usiku wa 17 Oktoba 2024, kesho yake jina la mrithi wake, Kindiki, likafika Bungeni na wabunge 236 wakampitisha siku hiyo hiyo bila kura ya kupinga. Kilichochelewesha kiapo mpaka 1 Novemba ni amri ya korti.

4. Anaapishwa.

MASWALI

Kayole Yetu: sasa IEBC (tume ya uchaguzi) inaitisha uchaguzi mdogo wa naibu lini?

Mwandishi: Hakuna uchaguzi mdogo wa Naibu Rais. Rudi hatua ya 2 na 3.

Kayole Yetu: lakini redioni walisema ni siku 60 tunapiga kura

Mwandishi: Hiyo ni kiti cha Rais kikiwa wazi na Naibu Rais pia hayupo. Spika wa Bunge la Kitaifa anashikilia, uchaguzi ndani ya siku 60, Kifungu cha 146. Mimi nimeandika kuhusu 149, tafadhali soma kabla ya kubishana.

Binti wa Rongai: Asante mwalimu. Na aliyeingia katikati, hiyo inahesabiwa muhula mzima? Najua naibu ana mihula miwili tu.

Mwandishi: Dada hili swali ni zuri sana na karibu hakuna anayeliuliza. Angalia 149(2): siku anayoingia, kama imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi mkuu, anahesabiwa amemaliza muhula mzima. Ikiwa ni chini ya hapo, hahesabiwi kitu. Sasa piga hesabu, 1 Novemba 2024 mpaka Agosti 2027 ni miaka miwili na miezi tisa, kwa hivyo Kindiki huu ni muhula kamili. Angeapishwa katikati ya 2025 ingekuwa hadithi nyingine kabisa.

Binti wa Rongai: kumbe! Na hizo 14 zilitoka wapi?

Mzee wa Eastleigh: Naomba nimsaidie mwalimu hapo. Nyinyi vijana hamkuona Rais Moi akikaa bila makamu (ndiye naibu wa siku hizo) kutoka Januari 1998 mpaka Aprili 1999 alipomrudisha Saitoti. Katiba ya zamani haikumfunga kwa tarehe.

Mwandishi: Asante mzee wangu. Na hata Makamu wa Rais Wamalwa alipofariki Agosti 2003, Awori aliteuliwa mwishoni mwa Septemba, na wabunge hawakupiga kura yoyote. Rais alitangaza tu.

Jirani wa Namanga: Huku TZ pia Bunge linathibitisha, jina la Mpango kuwa Makamu wa Rais lilifika Dodoma 30 Machi 2021 akapitishwa siku hiyo hiyo.