Ugonjwa wa Johne: jinsi ya kuudhibiti kwa ng'ombe na kondoo

Ng'ombe anakula vizuri, hana homa, ila anahara maji maji wiki baada ya wiki na nyama zinazidi kumwisha. Maziwa yanapungua, na mwishowe uvimbe laini unaning'inia chini ya taya. Huenda ni ugonjwa wa Johne, unaoletwa na bakteria walio jamaa ya wale wa kifua kikuu. Dawa ya kuuponya hakuna. Wengi huambukizwa wakiwa ndama wachanga, lakini dalili hutokea wakiwa na miaka 2 hadi 6. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye banda la ndama.

1. Hakikisha ni wenyewe. Minyoo bapa ya ini nayo hukondesha na kuvimbisha taya, hasa kwa mifugo wanaolishwa penye majimaji. Mpe dawa inayoua minyoo hiyo, kulingana na uzito wake. Asipopata nafuu baada ya wiki 2 au 3, mwite daktari wa mifugo achukue damu na kinyesi cha kupeleka maabara. Kinyesi kitolewe ndani ya mkundu kwa glavu. Cha sakafuni kimechanganyika na cha wenzake. Kipimo cha damu hakimwoni mnyama aliyeambukizwa karibuni, kwa hiyo wapime walio juu ya miaka 2 na urudie kila mwaka. Jibu safi la mara moja lisikulaze usingizi.

2. Mtenge ndama mapema. Ng'ombe azalie penye majani makavu mapya, pasipolala mgonjwa. Osha kiwele kabla ndama hajanyonya, kwani tope la mavi kwenye chuchu ndilo mlo wake wa kwanza wa bakteria. Afadhali umwondoe mara tu azaliwapo, umkamulie dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa: lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6.

3. Usichanganye dang'a. Hapa ndipo wengi huharibu: dang'a ya ng'ombe kadhaa humiminwa ndoo moja, na mgonjwa mmoja anawaambukiza ndama wote. Kila ndama apewe ya mama mmoja aliyepimwa akawa safi. Maziwa ya kawaida yachemshe, yapoe hadi nyuzi 38 au 40, kisha umnyweshe.

4. Angalia samadi inakoenda. Wafugaji wengi wa Njoro na Bahati, Nakuru, humwaga samadi kwenye napia (majani marefu ya malisho), kisha napia hiyo hiyo inakatiwa ndama. Bakteria hawa huweza kukaa udongoni na majini zaidi ya mwaka, hasa kivulini. Samadi ya wakubwa ipeleke kwenye mahindi. Ndama wakatiwe shamba lisilowekwa samadi hiyo, angalau mpaka watimize mwaka. Inua hori lao, na uwe na koleo na gambuti za banda lao peke yake. Dawa ya kuua viini haifanyi kazi juu ya mavi: kwangua na kusugua kwanza.

5. Mgonjwa aondoke. Apelekwe machinjioni kwa mkaguzi wa nyama. Kumuuza sokoni ni kumtwika jirani mzigo. Mtamba wake wa mwisho usimweke awe wa kuzaa, maana huenda aliambukizwa tumboni.

6. Kondoo. Kondoo mara nyingi hawahari, wanakonda tu na sufu kukatika, hivyo wafugaji wa Molo hulaumu minyoo mwaka mzima. Usiwalishe pamoja na ndama. Ukinunua kondoo au ng'ombe, muulize mwenyewe kama kuna aliyewahi kukonda huku anakula. Akisita, endelea kutafuta kwingine.