Mtende au mkindu, mnazi au mchikichi: soma kikonyo cha jani

Ukitaka kujua ni mti gani wa jamii ya minazi umeota uani, usianze na urefu wala matunda. Mche hauna matunda, na urefu hufuata umri, maji na udongo. Shika jani lililokomaa, ulifuate kutoka nchani hadi linapokutana na shina. Huko chini, kwenye kikonyo (mpini wa jani), ndiko mti unakojitambulisha. Vaa glavu nene na usisogeze uso karibu: mwiba wa mtende ukikatikia kidoleni, kidole huvimba siku kadhaa.

Jani likiwa kama unyoya, vijani (vipande vidogo vya jani) vimejipanga pande mbili za uti, lilaze sawasawa kisha dondosha maji pale kijani kimoja kinapoungana na uti. Kwenye mtende na mkindu kijani hujikunja kwa juu kama mfereji, tone likakaa. Kwenye mnazi, mchikichi na mpopoo hujikunja kama paa la nyumba, maji yakamwagika pembeni. Kipimo hiki kinafaa hata kwa mche, mradi majani yake yameshaanza kuchanika.

Tone likikaa, bado una kazi, maana mtende na mkindu wote wana miiba chini ya jani (ni vijani vilivyogeuka vigumu). Jani la mtende ni kakamavu, la kijivujivu. La mkindu hung'aa na kuinama. Mkindu huota kwa kichaka cha mashina membamba yanayolala huku na huku, na unene wa shina moja mara nyingi haufiki sentimita 30. Wengi hukosea hapa: mtende usiopunguzwa machipukizi huonekana kichaka, na mkindu uliobakizwa shina moja huonekana mtende mchanga. Kwa hiyo usihesabu mashina tu. Angalia unene wa shina na rangi ya jani pamoja. Matunda yakiwepo, ya mkindu ni madogo, yapata sentimita 2, nyama yake nyembamba. Na kama unataka tende, panda chipukizi la mtende jike unaojulikana. Miche ya mbegu karibu nusu huwa madume, na hutajua mpaka itoe maua, miaka kadhaa baadaye. Tena mbegu iliyotoka mahali penye mitende na mikindu inaweza kuwa chotara.

Tone likimwagika, pitisha macho kwenye kingo za kikonyo. Mnazi hauna mwiba hata mmoja, na kwenye kitako cha jani kuna kilifu, kile kitambaa cha nyuzi kinachokumbatia shina. Mchikichi una meno makali pande zote mbili, na vijani vyake hutokeza kwa pembe tofauti, jani likawa kama nywele zisizochanwa. Kwa mche mdogo fukua udongo kidogo kwa vidole: wa mnazi bado umeshikamana na nazi yake, wa mchikichi una kokwa dogo. Fanya hivyo kabla ya kupanda mlangoni, maana kila ukipogoa mchikichi utaacha miiba njiani wanapopita watoto.

Majani yenye umbo la pepeo la mkono, siyo la unyoya, ni ya mvumo au mkoma. Mkoma mrefu hugawanyika panda mbili, kila panda ikagawanyika tena. Mvumo ni shina moja, na ukizeeka hutuna katikati. Kwa miti michanga tazama kikonyo: miiba ya mkoma imepinda kama ndoana, ya mvumo ni kama meno ya msumeno uliochakaa. Tunda la mvumo ni kubwa, la manjano hadi chungwa, kwa kawaida lina kokwa 3. Koma, tunda la mkoma, ni la hudhurungi, kokwa 1. Miti yote miwili ikiota kwa mbegu hupeleka chipukizi chini kabisa kwanza kabla ya jani kutokeza, hivyo ukiing'oa uihamishe, kwa kawaida hufa. Panda mbegu pale pale utakapotaka mti.

Mpopoo ni rahisi: shina moja jembamba lenye pete, na juu yake shingo laini ya kijani. Lile pambo la mashina mengi ya manjano linalouzwa kwenye vitalu kwa jina la arika asili yake ni Madagaska. Halizai popoo.