Ukishaitwa "jeuri": namna ya kuuvuka ujana mgumu na kujijua

Nimekulia Tanga. Baba na mama waliachana nikiwa shule ya msingi, nikapelekwa kwa shangazi Makorora, kisha kwa bibi Pangani, kisha nikarudishwa kwa shangazi. Kufika kidato cha pili, kila mtu alikuwa na neno moja tu kunihusu: jeuri, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Leo mimi ni fundi umeme wa majumbani, na mabinti wengi wanaokuja kujifunza kazi kwangu wanafika wamebeba neno hilohilo. Haya ndiyo ninayowaambia. Nakuandikia wewe uliye kati ya miaka 13 na 19, na mzazi wako akisoma pia ni sawa.

Anza na usingizi. Najua ulitegemea jambo kubwa zaidi, lakini anza hapo. Sehemu za ubongo zinazowasha hasira, hamu na furaha hupata nguvu mapema ujanani, ilhali ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kukuzuia, inaendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Juu ya hapo, mwili wa kijana unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi na wenyewe unachelewa kusinzia. Mtu anayeshika simu hadi saa 6 usiku, kisha anaamshwa saa 11 alfajiri kufagia na kuchota maji, atagombana na kila anayemsemesha. Huyo amechoka, hajaharibika. Kwa hiyo jiwekee sheria moja: jambo lisilorudi nyuma lisiamuliwe usiku. Kutoroka nyumbani, kuacha shule, kumtumia mtu picha yako, kumtamkia mzazi neno zito. Yote yasubiri asubuhi, umeshakunywa chai. Asubuhi bado unaona ni sawa? Mwambie kwanza mtu mzima mmoja kabla hujafanya.

Halafu tafuta daftari, hata lile lililobaki kurasa nusu mwaka jana. Usiandike "najisikia vibaya", maana sentensi hiyo haikupeleki popote. Andika tukio kama unavyotoa maelezo kituoni: siku gani, nani alisema nini, ulifanya nini, na mwisho kabisa, ulitaka nini kitokee. Binti mmoja aliniruhusu kusoma la kwake: "Jumanne jioni. Mama mdogo kasema nimemaliza sukari. Sikumaliza mimi. Nimebamiza mlango. Nilitaka aniulize kwanza." Mstari huo wa mwisho ndio wenye thamani. Baada ya mwezi hivi rudi usome mistari ya mwisho peke yake, uone ipi inajirudia. Yule binti, kila ukurasa alitaka kuulizwa kabla ya kuhukumiwa. Nyumba nzima ilimwita mgomvi, kumbe ni mtu anayeumizwa sana na uonevu, wake na wa wengine. Akishalijua hilo, anaweza kuliomba kwa mdomo badala ya mlango. Kama nyumbani watu wanapekua vitu vya wenzao, liache daftari kwa rafiki unayemwamini, au andika, usome, uchane.

Sasa mtu mzima. Huku kwetu pwani binti akivunja ungo alikuwa anapewa somo wake, mwanamke mmoja wa kumfunda na kumtunzia siri, ambaye si mama yake. Wavulana nao walikuwa na wao jandoni. Mimi naona wazee waliona mbali sana: kuna mambo mtoto hawezi kumwambia mzazi aliyemzaa, hata mzazi awe mpole namna gani. Siku hizi wengi wanakua bila huyo mtu, kwa hiyo itabidi umtafute mwenyewe. Mtazame kwanza kwa muda. Je, anasimulia siri za watu mbele yako? Basi na zako atazisimulia kwingine. Anataka mkutane faraghani na mtu yeyote asijue? Kaa naye mbali, hata kama ni ndugu, hata kama ni mtu wa dini. Unayemtaka ni yule anayeweza kukusikiliza barazani huku watu wanapita. Inaweza kuwa mwalimu, mjomba, mama muuza maandazi. Usimwendee na hadithi yote siku ya kwanza. Mwambie tu: "Nina jambo linanisumbua, sitaki ulitatue, nataka unisikilize kidogo." Watu wazima wengi, ukiwapa kazi iliyo wazi namna hiyo, wanaifanya vizuri.

Mengine yote hapa ni maandalizi ya hili linalofuata, kwa sababu kujijua hakuji kwa kukaa chumbani ukijiuliza mimi ni nani. Mtu anajiona akiwa anafanya kitu.

Jirani wa shangazi alikuwa mzee anayetengeneza feni na pasi. Likizo moja nilitumwa kwake na feni ya mezani iliyokuwa inanguruma bila kuzunguka. Ukiisukuma panga kwa kijiti ndipo inaanza, tena kwa uvivu. Mzee alichomoa waya ukutani, akafungua kifuniko cha nyuma, akanionyesha kidude cheusi cha pembe nne chenye nyaya mbili. "Kapasita hiyo. Ndiyo inayoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka." Akagusisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kumaliza umeme uliobaki ndani, akaikata, kisha akanipa mimi mpya niiunge. Nikamenya waya, nikasokota, nikazungushia tepu, akaikagua kwa kidole gumba, akasema rudia. Nikarudia. Feni ilipozunguka, nikasikia adhana ya magharibi na kushtuka: mchana mzima sikuuwaza ugomvi wa nyumbani hata mara moja.

Ishara hiyo ndiyo ninayokutaka uitafute. Kila likizo chagua kitu kimoja cha kufanya kwa mikono au na watu, ukifanye hadi kiishe: kushona gauni moja kamili, kulea vifaranga hadi wawe kuku, kumsaidia fundi simu, kuwasomesha watoto wadogo madrasa, kuimba kwaya. Usiangalie tu kama unakipenda, kwani siku ya kwanza kila kitu ni kitamu. Angalia kama unaivumilia sehemu yake ya kuchosha. Kwenye umeme ni kuchimbia ukuta kwa tindo, vumbi hadi puani. Asiyeweza hilo, umeme si wake, na si aibu. Jiangalie pia ukiwa na aliye mdogo au dhaifu kuliko wewe na hakuna anayekuona. Kazi unaweza kuibadilisha hata ukubwani, lakini jinsi unavyomtendea huyo ndiyo tabia yako halisi, na umri huu ndio wa kuirekebisha ukiona haikupendezi.

Kama shule imekushinda au ilikatishwa, njia hazijafungwa. Vyuo vya ufundi vya serikali, vya VETA, vinapokea hata aliyeishia darasa la saba, na mafunzo yake yanapanda kwa ngazi. Ambaye hakumaliza sekondari anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akafanya mtihani wa maarifa wa QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi. Nakutana na wasichana ambao bado hawajaambiwa hili. Tafadhali mwambie unayemjua.

Kuhusu marafiki nitasema kidogo. Usitangaze kuwa umeachana na kijiwe. Ukitangaza, unaanzisha vita. Chelewa kufika, wahi kuondoka, kuwa na shughuli. Wa kweli watakufuata kwenye hiyo shughuli.

Yapo mambo ambayo daftari na feni haviyawezi. Ukiwaza kujidhuru, ukishikwashikwa au kutishwa na mtu mzima, au bangi na unga vimekushika, usibaki nalo peke yako wala usingoje asubuhi. Namba 116 ni ya huduma kwa watoto, ni bure kupiga, kwa Tanzania na Kenya. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Yaliyokupata hayakufanyi kuwa mchafu, na anayekwambia usimwambie mtu anajilinda yeye.

Mwisho, wazazi. Usiwaeleze mabadiliko yako wakiwa wamekasirika, wala mbele ya wageni. Chagua saa mnayofanya kazi pamoja, mnachambua mchele au mnafua, kwa kuwa macho yakiwa kwenye kazi maneno hutoka kwa urahisi. Omba kitu kimoja kidogo kinachopimika: "Mama, naomba ukisikia jambo langu uniulize kabla ya kumwambia shangazi." Nawe ahidi kimoja cha ukubwa huohuo, mfano kurudi kabla ya magharibi. Tekeleza cha kwako hata wiki ambayo yeye amesahau cha kwake, kisha mkumbushe kwa upole, Ijumaa au Jumapili, wakati nyumba imetulia. Akikataa kabisa, mpelekee ombi hilohilo yule mtu mzima uliyemchagua, akuombee yeye.