Kuitambua glorioza (Gloriosa superba) porini

Glorioza ni mmea wa maua unaopanda kwa kujishikiza. Huota kuanzia vichaka vya pwani na miombo mikavu hadi misitu ya milimani. Itafute mvua zikishakolea, na msituni anzia pembezoni penye mwanga.

1. Ncha ya jani. Usisubiri ua. Tazama jani la juu (ya chini mara nyingi hayaonyeshi kitu): ncha yake hurefuka ikawa kikono kinachojisokota kwenye nyasi au tawi la jirani. Kikono kikitokea kwapani mwa jani (pale jani linapoungana na shina), huo si wenyewe, huenda ni jamii ya mpasheni. Pwani wengi hukosea kwa sababu Flagellaria guineensis, mmea mwingine unaopanda, nayo ina kikono nchani. Ila shina lake ni gumu kama ufito, kitako cha jani hulizunguka shina, na maua yake ni madogo meupe. Shina la glorioza ni laini, la kijani.

2. Ua. Linainama, lakini petali zake 6 hupinda kurudi juu, mara nyingi kingo zikiwa na mawimbi. Stameni (vijiti vyenye chavua) 6 zimetandaa pembeni. Sasa chungulia chini ya ovari (kifuko cha mbegu katikati ya ua): staili, yaani kijiti kinachotoka kwenye ovari, inapinda ghafla, karibu nyuzi 90, ikaelekea upande mmoja. Ukiiona hiyo, umemaliza kazi.

3. Tunda. Likikauka hupasuka pande 3, mbegu nyekundu nje.

Kiazi chake mara nyingi kina umbo la V. Usikichimbe kwa ajili ya kutambua tu: unaua mmea, na mmea wote una sumu ya kolchisini, hasa kiazi na mbegu.

Maswali

*Huku kwetu ni ya manjano tupu. Ni spishi nyingine?*
Hapana. Zamani ziligawanywa kwa rangi, siku hizi huhesabiwa spishi moja. Hata ua moja huweza kuanza kijani-manjano likaishia jekundu.

*Kiangazi nimerudi palepale, hakuna kitu. Imekufa?*
Shina ndilo lililokufa, kiazi kimelala. Kila msimu kiazi kipya huumbika na cha zamani hunywea, kwa hiyo chipukizi linaweza kutokea kando kidogo ya alama yako.

*Mtoto ametafuna kiazi chake akidhani kiazi kikuu. Mbona hatapiki?*
Mpelekeni hospitali sasa hivi, pamoja na kipande cha mmea. Dalili huchelewa kwa saa kadhaa, na kutotapika hakumaanishi yuko salama. Msimlazimishe kutapika.