Kabla hujaandika "kano imechanika", inamisha probu

Wavuvi wa dagaa wa huku Kigoma huvua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Ndizo siku wanazokuja kwangu, mpimaji wa altrasaundi, na mabega, viwiko na visigino vyao. Mara ya mwisho alikuja mzee wa Kibirizi, kisigino kinamuuma mwezi wa tatu sasa. Nilipompa shikamoo akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo mashine si ya wajawazito?"

Ni ya wote, baba. Nawe mwenzangu uliyezoea kupiga altrasaundi ya mimba na tumbo, mashine hiyohiyo inatosha ukiwa na probu (kile kipande unachokipitisha juu ya ngozi) iliyonyooka, ya megahezi 10 kwenda juu. Ile iliyopinda ya tumbo iache. Kano ya kisigino, ule ugwe unaounganisha msuli wa shavu la mguu na mfupa wa kisigino, iko karibu mno na ngozi.

Mlaze mgonjwa kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda. Mwaga jeli bila uchoyo. Anza kwa urefu, kutoka shavu la mguu hadi mfupa wa kisigino, halafu rudia njia hiyohiyo kwa upana. Kano nzima kwa urefu ni mistari myeupe myembamba iliyolala sambamba, kama nyuzi za katani. Unene upime kwa upana, kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa kawaida hauzidi milimita 6. Ukipima kwa urefu na probu imekaa mshazari, utaandika unene usiokuwepo.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipokosea nilipokuwa mgeni wa kazi hii. Niliona doa jeusi pale kano inaposhika mfupa, nikaandika kwamba imechanika. Kijana wa watu akakaa nje ya mpira wiki kadhaa, na kano yake ilikuwa nzima. Nyuzi za kano hurudisha mawimbi ya sauti ya mashine vizuri pale tu yanapozipiga wima. Probu ikiinama kidogo tu, mwangwi unakwenda pembeni na kano inageuka nyeusi. Karibu na mfupa nyuzi hujipinda, kwa hiyo weusi huo wa uongo hupenda kukaa hapo. Dawa yake: inamisha probu taratibu huku na huku. Weusi ukipotea, hakuna jeraha. Ukibaki kwa urefu na kwa upana, hapo una la kuandika.

Kano iliyochakaa hunenepa, huwa nyeusinyeusi, na nyuzi hupoteza mpangilio, mara nyingi sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa. Washa Dopla, ile sehemu ya mashine inayoonyesha damu inayotembea, shusha kipimo cha kasi ya damu, mguu ulegee, na usikandamize, kwa sababu mkono mzito hufinya vimishipa vya damu na utasema hakuna kitu. Kano yenye afya haionyeshi damu, au huonyesha kidogo sana.

Iliyokatika kabisa utaona pengo, ncha zimeachana, damu au majimaji katikati. Mwombe msaidizi akunje wayo kwenda juu taratibu huku ukitazama: pengo likipanuka, ncha zikitembea kila moja kivyake, umepata jibu. Katika kifundo cha mkono tafuta majimaji yanayoizunguka kano ndani ya ala yake, yaani mfuko unaoifunika. Kano ya kisigino haina ala, usiyatafute huko.

Mguu wa pili upime kila mara, hata kama hauumi. Na uliza dawa: siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, hujulikana kwa kudhuru kano, na watu wengi huinunua dukani bila kuandikiwa.

Mzee wangu alikuwa na milimita 9 upande unaouma na 5 upande wa pili, damu imejaa kwenye Dopla, nyuzi hazijakatika. Niliandika hayo yote, na umbali wa tatizo kutoka kwenye mfupa, nikampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akauliza kama mwezi ukiingia giza ataweza kusukuma mtumbwi. Nikamwambia, "Baba, safari hii waachie vijana wasukume."